Lango Nusu

Jumapili, Machi 2

Mwanangu kitinda mimba, salamu nyingi zikufikie huko kambini, zikukute umekula na umelala pakavu. Mimi mama yako sijambo, mguu unauma mvua ikikaribia lakini natembea. Baba yenu hajambo na anakusalimu, yaani hajasema, ila aliponiona nimeshika kalamu alikohoa, nami kikohozi chake nakijua. Bibi yenu hajambo, masikio ndiyo yamezidi kuziba, anasema nikwambie asiyesikia mengi huishi sana. Kaka yako hajambo, yuko zamu kwenye mtambo mkubwa wa umeme ng'ambo ya milima, atarudi Ijumaa. Wifi yako hajambo, anauliza kama huko wanakojenga barabara vumbi halijakuharibu ngozi. Mkia mtoto wao naye hajambo, jina bado ni hilo hilo kwa kuwa hamwachi mtu aende hata msalani peke yake. Hata yule kuku aliyekuwa akikufukuza hajambo, ametaga.

Ulisema huko simu haishiki, niwe naandika kidogo kidogo kila siku, mvua zikiisha nimpe mtu anayekuja upande wako. Basi nimeanza. Mimi niliishia darasa la nne, ukikuta kosa liruke kama unavyoruka dimbwi.

Jumatatu, Machi 3

Nimefua. Mawingu yamekuja yakaondoka.

Jumatano, Machi 5

Mvua imefika. Mto umekuwa rangi ya chai na majani yanashuka kama soko limehamishwa. Baba yenu ametoka kwenda kwenye kituo chake cha umeme hapo mtoni kabla hata maji hayajachemka. Unamjua msimu wa majani. Anasema majani yakija kwa nguvu hung'ang'ania ule wavu wa chuma mbele ya lango, maji yanakosa pa kupita, wavu unapasuka. Kwa hiyo yeye anafungua lango nusu, mtambo unavuta maji taratibu, majani yanapita pembeni. Alifundishwa hivyo na fundi wake, na fundi huyo alifundishwa na wake. Vituo vingine wanasema ama fungua lote ama funga. Baba yenu anawacheka. Anasema mtambo ni ng'ombe wa maziwa, akishtuka usimkamue kwa pupa. Na kweli, wavu wake haujawahi kupasuka tangu nije kuolewa hapa.

Ijumaa, Machi 7

Kaka yako karudi na nguo chafu na uso ambao sikumzaa nao. Nikamwekea chakula. Akasema, "Baba, mtambo wangu unayumba."

"Unayumbaje?"

"Sindano za kuonyesha nguvu zinakwenda zinarudi, zinakwenda zinarudi. Wala sijagusa kitu."

"Labda unakuogopa," baba yenu akasema.

"Sitanii, baba."

"Na mimi sitanii. Mtambo unamjua mwenyewe. Wangu mdogo na mzee, lakini haujawahi kunichezea."

Kaka yako akacheka, kicheko cha mdomoni. Nikamwongezea mboga. Ndiyo kazi yangu hiyo, baba na mwana wakianza kupimana mimi naongeza mboga.

Jumapili, Machi 9

Mvua. Mkia ana mafua, anafuta pua kwenye kanga ya kila mtu.

Jumanne, Machi 11

Taa ya jikoni inapumua. Sijui nikwambieje. Inang'aa, inafifia, inang'aa, polepole kama kifua cha mtu aliyelala. Nilimwambia baba yenu alipokuja kula. Akaitazama, akasema, "Ni huko kwa mwanao." Siku hizi mitambo yote imeungwa pamoja, wa baba yenu na wa kaka yako na mingine nisiyoijua, maana mwaka huu wamevuta ule waya mpya juu ya milima. Mmoja akiugua wote wanakohoa. Hivyo ndivyo nilivyoelewa.

Jumamosi, Machi 15

Kaka yako amerudi zamu. Mwenzake alikuja kumpitia, yule Kibonge uliyemwona kwenye harusi akicheza na sahani ya wali mkononi. Alikula mara mbili akiwa amesimama. Akaniambia, "Mama, huyu mwanao akizidi kukonda tutamfunga kwenye mlingoti apeperuke kama bendera."

Nikamwambia, "Basi wewe kaa upande wa upepo umkinge."

"Hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa, mama. Umeme nasaidia tu."

Hata bibi yenu alicheka, na sidhani alisikia.

Jumatano, Machi 19

Kaka yako amempigia mkewe. Mafundi wakubwa walikwenda kwake wakarekebisha kidude cha kutuliza mtambo. Ulitulia. Leo mchana imenyesha sana huku, na jioni akapiga tena, umeanza upya. Amewaambia wakubwa. Wamemjibu ashughulikie.

Alhamisi, Machi 20

Mvua. Majani. Taa inapumua.

Jumapili, Machi 23

Mvua. Baba yenu hajarudi kula, nimempelekea kazini.

Jumatatu, Machi 24

Umeme umekatika kila mahali. Hata taa za ule mji wa mbali tunazoziona juu ya mlima zimezima. Kaka yako hapatikani kwenye simu. Naandika kwa mshumaa, nitaacha.

Jumatano, Machi 26

Mwanangu, kaa chini kwanza.

Kibonge amefariki. Jumatatu mtambo wa kaka yako uliyumba kupita siku zote, ukajizima wenyewe ili usivunjike, na ulipozima mzigo ukaangukia mingine, nayo ikazima mmoja baada ya mwingine. Pale kituoni giza likawa totoro. Kaka yako ndiye mkubwa wa zamu. Akamwambia Kibonge ashuke akawashe injini ya dharura. Ngazi za chuma, zimemwagikiwa mafuta, naye alikuwa anakimbia. Walimkuta chini.

Kaka yako aliletwa na gari la kazi. Hakushuka. Wifi yako alikwenda akamfungulia mlango akamshika mkono kama anayemshusha mgonjwa. Aliponiona alisema neno moja tu, "Nilimtuma mimi." Nikamwambia, mwanangu, kutuma ni kazi. Akarudia, "Nilimtuma mimi, mama."

Nimeshinda namchemshia uji naumwaga.

Ijumaa, Machi 28

Tumezika. Mama yake Kibonge ni mdogo kuliko mimi. Kaka yako alipiga magoti mbele yake akaomba msamaha, yule mama akamwekea mkono kichwani. Mimi nilitazama pembeni. Sikuweza kutazama mama ambaye ni mimi, ila siku yake imetangulia.

Jumapili, Machi 30

Nataka kuandika hili na sitaki.

Wakubwa wamemsimamisha kaka yako kazi mpaka uchunguzi uishe. Wanasema mtambo uliotikisika kuliko yote ni wake, kwa hiyo kosa liko kwake. Leo tumekaa kula, sote, na bibi yenu. Kaka yako akasema polepole, "Nimefikiri mpaka kichwa kinauma. Sijui nilichokosea."

Baba yenu hakuinua macho kwenye sahani. Akasema, "Mtambo hauyumbi wenyewe. Mtu akiyumba ndipo mtambo unayumba."

"Unasema nimemuua Kibonge?"

"Nasema mimi nimekaa na mtambo maisha yangu yote na sijazika mtu."

Nikainuka kuchukua mboga. Niliporudi kiti cha kaka yako kilikuwa kitupu na tonge lake liko pale kwenye sahani limebonyezwa vidole. Nikamwambia baba yenu, "Baba watoto, maneno hayo yarudishe." Akasema maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia basi angalau yapanguse. Akanawa akaenda zake kazini, maana ilikuwa imeanza kunyesha.

Mwanangu, nimeishi na mtu huyu muda mrefu na leo nilimtazama mgongo anapotoka nikamwona mgeni.

Jumanne, Aprili 1

Hawasemezani. Mkia anabeba maneno. "Babu anasema mlango ufungwe." "Baba anasema umeshafungwa."

Ijumaa, Aprili 4

Kaka yako ameondoka. Alfajiri wifi yako aliamka akakuta upande wake wa kitanda baridi. Simu ameiacha juu ya mto. Amechukua viatu vyake vya kazi, koti, na ule mfuko wako wa begani uliouacha. Kwenye sufuria nilikuwa nimebakiza viazi, amechukua viwili, ameacha vinane. Mtu anayekwenda mbali achukue viazi viwili, anataka mwili wake uishi kwa nini?

Wifi yako halii. Anafagia. Amefagia uwanja mara mbili na mvua inanyesha.

Jumamosi, Aprili 5

Tumeuliza stendi, tumeuliza kwa marafiki. Hakuna.

Jumapili, Aprili 6

Hakuna. Baba yenu amekula nusu. Hajauliza kitu, lakini kila mlango ukilia anageuka.

Jumatano, Aprili 9

Amekuja injinia kutoka makao makuu, binti wa umri wako, mwembamba, miwani, buti za mpira zimemzidi ukubwa. Nyumba ya wageni imeingia maji, wakaniomba nimlaze hapa. Yuko kitandani kwako, nimembadilishia shuka. Anakula vizuri, nashukuru kuona mtu anakula.

Nilimuuliza kama amekuja kumshtaki mwanangu. Akasema, "Mama, mimi natafuta anayesukuma. Kila mtu ametafuta anayetikisika."

Sikuelewa. Wakati huo Mkia alikuwa anatoka bombani na ndoo ndogo kichwani, anarukaruka, maji yanamwagika mpaka kwenye kope. Injinia akanionyesha. "Unaona maji yanamwagikia wapi?" Ukingoni, nikasema. "Je, ukingo una kosa?" Nikasema kosa ni la miguu. Akasema umeme wa nchi nzima ni maji kwenye ndoo moja. Maji hayo yana mwendo wake wa kwenda na kurudi. Mtu akisukuma hata kidogo tu, lakini kwa mwendo ule ule, kila mara, yanapanda mpaka yanamwagika, na yanamwagikia mbali na anayesukuma. Ukingo uliomwaga ni mtambo wa kaka yako.

Nikamuuliza na kile kidude cha kutuliza walichorekebisha. Akasema, "Si mnaweka jani juu ya maji yasichezecheze? Ndiyo hicho. Mtu akijikwaa mara moja, jani linatuliza. Lakini kama anayebeba haachi kuruka, jani litafanya nini?"

Nimelala na hilo neno. Miaka yote katika nyumba hii mimi ndiye jani.

Alhamisi, Aprili 10

Injinia ameshinda kituoni kwa baba yenu na vipimo vyake. Ameweka vingine kwenye vituo vyote. Baba yenu amerudi amekasirika, anasema mtoto mdogo anamgusia mitambo.

Jumamosi, Aprili 12

Nitaandika yote hata kalamu ikiisha.

Leo mchana ilinyesha, majani yakaja. Nikafunga chakula cha watu wawili nikawapelekea. Unapajua pale ndani, joto, harufu ya grisi, sakafu inanguruma chini ya miguu. Msimu wa majani inanguruma zaidi, tangu zamani, nami nilidhani ni mto. Baba yenu amesimama kwenye usukani wa lango. Injinia ameshika simu ameifungua sauti, upande wa pili kuna kijana wa zamu kwenye kituo cha kaka yako. Hawakuniona, nikasimama na bakuli langu.

Injinia akasema, "Mzee, naomba fungua lango lote."

"Majani yatapasua wavu."

"Kidogo tu, mzee. Naomba."

Akazungusha. Mwanangu, ile ngurumo ikapungua mpaka ikakoma. Nikasikia mvua kwenye mabati ambayo sikuwa nimeisikia. Wakangoja. Kisha simu ikasema, "Imetulia huku."

"Sasa rudisha nusu."

Akarudisha. Sakafu ikaanza kunguruma. Wakangoja tena. "Imeanza," simu ikasema. "Inakwenda, inarudi. Inapanda."

Injinia akainamisha kichwa. Alikuwa anajua, nimeona alikuwa anajua tangu jana. Akamweleza kwa heshima, kwamba lango likiwa nusu maji hujisokota chini ya gurudumu la mtambo kama kamba, na ile kamba huzunguka ikigonga, na kila ikigonga mtambo unasukuma waya kidogo. Zamani haikuwa na madhara, waya ulikuwa mfupi na mwendo wake mwingine. Waya mpya ulipoungwa mwaka huu, mwendo wa maji ya nchi nzima ukawa sawasawa na mwendo wa ile kamba.

Baba yenu akasema, "Tena."

"Mzee, inatosha."

"Tena."

Akafungua mwenyewe bila kuambiwa. Ukimya. "Imetulia." Akafunga nusu. Ngurumo. "Imeanza." Akafungua. Nikaona mikono yake kwenye usukani, ile mikono ninayoijua, inazunguka kama ya mtu anayejaribu kufungua mlango uliokwisha fungwa. Kijana wa kwenye simu akauliza, "Imetulia tena. Nani huko anafanya hivyo?"

Injinia akaikata simu.

Injinia akasema, "Mzee, usijibebeshe. Hakuna aliyekuja kukwambia kwamba waya mpya umebadilisha mambo."

Baba yenu akasema, "Mwanangu aliniambia. Aliniambia mezani, nikacheka."

Nikaweka bakuli chini. Ndipo akaniona. Akaniangalia kama mtoto aliyevunja kitu na anangoja kuona ni mama yupi aliyeingia, wa kupiga au wa kuokota vipande. Nami kwa wiki mbili nilikuwa nimemwandalia maneno, moja moja, makali. Sikuyaona hata moja. Nikamwambia, "Kaa ule." Akakaa. Hakula.

Jumapili, Aprili 13

Wavu ulipasuka jana ile ile. Mtambo umezimwa. Mto unapita tu.

Jumatatu, Aprili 14

Baba yenu ameomba nimpigie pasi shati. Amekwenda kwa mama yake Kibonge, peke yake, amekataa nimsindikize. Alirudi jioni ameloa. Nilimuuliza yule mama alimpokeaje. Akasema, "Alinipa kiti."

Nikampa nguo kavu. Baadaye akasema, "Nilimwambia, yule kijana aliyekupigia magoti hakuwa na la kuomba. Mwenye la kuomba ndiye huyu amekaa hapa."

"Akasema nini?"

"Alilia. Kisha akaniuliza mwanangu yuko wapi. Nikamwambia sijui. Akalia zaidi, mama watoto. Alimlilia wa kwetu."

Alhamisi, Aprili 17

Wakubwa wameandika kwamba kaka yako hana kosa, arudi kazini siku yoyote. Wifi yako ameisoma barua, ameikunja, ameuliza tumpe nani. Baba yenu wamempumzisha. Walisema kwa upole, eti umri. Amerudi na kikombe chake cha chai na taulo.

Ijumaa, Aprili 18

Hakuna habari.

Jumamosi, Aprili 19

Mvua imepungua. Taa haipumui tena, inawaka tu imetulia, na mimi naichukia. Bibi yenu amemuuliza baba yenu kwa sauti ile yake ya kiziwi, "Yule mjukuu wangu mnamficha wapi?" Baba yenu akamsogelea sikioni akasema, "Nimemfukuza mimi, mama." Bibi akampiga kibao kidogo cha mkono, kama alivyokuwa akimpiga utotoni nadhani, halafu akamshika ule ule mkono hakuuachia mpaka jioni.

Jumatatu, Aprili 21

Wifi yako amekumbuka jambo. Usiku mmoja kabla hajaondoka kaka yako alimuuliza kama kule kambini kwako wanachukua vibarua wa kubeba mawe. Yeye alidhani ni maneno ya kupitisha usingizi. Sasa nafikiri viatu vya kazi, nafikiri mfuko wako. Mwanangu, yuko kwako? Sema yuko kwako.

Jumanne, Aprili 22

Injinia amemaliza, anaondoka kesho asubuhi na gari lao, atapita njia panda ya kambini kwenu. Daftari hili anakuletea yeye mwenyewe. Mpe chai, ni mtoto mzuri, na huwa anasahau kula akifikiri.

Nilimwambia baba yenu leo ndiyo leo, kama ana neno kwa mwanawe niandike. Alikaa pale kwenye kiti cha jikoni. Alianza, "Mwambie kwamba mimi," akaacha. Nikaandika nikafuta. Alianza tena, "Mwanangu, siku ile mezani," akaacha. Alisimama akaenda mlangoni akatazama mto, akarudi. Mwisho akasema, "Andika hivi. Mtambo wake ulikuwa mzima. Na mikono yake ilikuwa mizima. Basi."

Najua haitoshi. Na yeye anajua, amekaa hapa pembeni anaangalia kalamu kama itaongeza yenyewe. Mimi sitaongeza. Msomee kaka yako hayo kama yalivyo, msomee akiwa amekaa, akiwa ameshiba. Usikubali asomewe njiani akiwa na mizigo kichwani.

Kama hayupo kwako, muulize kila dereva, muulize msimamizi wa vibarua, mwambie ni mrefu, kidevu cha baba yake, anapenda kusimama mguu mmoja. Kama yupo, usimlazimishe kurudi. Mpe blanketi langu, lile la kahawia ulilokwenda nalo. Angalia kifua chake, baridi humwingia upesi.

Na wewe usingoje kuandika vizuri. Chukua karatasi yoyote, hata ya kufungia sukari, andika neno moja, yupo, au hayupo, mpe dereva wa lori la kwanza linaloteremka huku, umwambie hii ni ya nyumba ya mwisho kando ya mto. Usingoje mwisho wa wiki. Usingoje mvua iishe. Leo hii hii mwanangu, kabla injinia hajamaliza chai yake, andika.